Kutazama Ndege Uani Pamoja na Mtoto na Paka

Mara nyingi tukikutana hapa huzungumzia magonjwa: malaria, kuhara, homa ya mapafu. Leo tutaanza na jambo la kufurahisha, kisha tutaingia kwenye tahadhari zake. Tutazungumza juu ya kutazama ndege uani, wewe na mtoto wako, pamoja na paka wenu wa nyumbani.

Huenda unajiuliza: ndege na paka wanahusiana vipi na afya ya mtoto? Wanahusiana sana. Ubongo wa mtoto hukua upesi mno katika miaka yake ya kwanza, na chakula peke yake hakiutoshi. Mtoto huhitaji mtu mzima wa kuzungumza naye. Mtoto anaponyoosha kidole juu ya mti na kusema "Ee!", nawe ukatazama anakoonyesha na kumjibu, "Naam, yule ni njiwa, ameketi kwenye tawi," hapo umemfundisha. Amejifunza neno, na tena amejifunza kwamba akisema anasikilizwa. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo juu ya malezi ya watoto wadogo. Mwongozo huo unasema mtoto anahitaji mambo matano: afya njema, lishe bora, usalama, kuitikiwa anapomhitaji mlezi, na nafasi ya kujifunza mapema. Nafasi ya kujifunza haidai vitu vya dukani. Ndege hawauzwi, wanakuja wenyewe.

Nawe mama pia una faida yako. Kulea kunachosha mwili na moyo. Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha King's College London, Uingereza, walichapisha matokeo yao baada ya kufuatilia hali za watu wapatao 1,300. Waliona kwamba watu walipoona au kusikia ndege, mioyo yao ilikuwa na nafuu, hata wale waliokuwa na ugonjwa wa kushuka moyo. Nafuu hiyo iliweza kuendelea kwa muda wa hadi saa nane. Kutazama ndege si dawa, na mama aliyeelemewa na huzuni baada ya kujifungua aende kituo cha afya asaidiwe. Lakini dakika 15 za kuketi na kutazama ni mapumziko ambayo hata mama mwenye kazi nyingi anaweza kujipatia.

Basi tufanyeje? Chagua wakati ambapo ndege wana shughuli nyingi. Wakati huo ni asubuhi, jua linapochomoza, na jioni kabla halijatua. Keti mahali penye kivuli, kwenye baraza, au ndani karibu na dirisha. Mpakate mdogo, mkubwa akae kando yako. Msiwe na haraka, na sauti ziwe za chini. Kama unaishi kwenye ploti isiyo na mti hata mmoja, usikate tamaa. Shomoro hutengeneza viota chini ya mabati na kwenye matundu ya kuta, hata katikati ya mji.

Nchi yetu ya Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, lakini mtoto hahitaji kuwajua wote. Anza na watano. Shomoro mnamjua. Njiwa na tetere hutembea chini wakiokota punje. Shore ana kichwa cheusi na rangi ya manjano chini ya mkia, na huamka mapema kuimba. Chozi ni yule mdogo kabisa mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayefyonza utamu wa maua. Mnana ni yule wa manjano anayesuka kiota kinachoning'inia. Mwambie mtoto kwamba dume ndiye anayesuka, na jike huja kukagua. Kiota kikikataliwa, dume hukibomoa na kuanza upya. Watoto hupenda sana habari hiyo, na akina mama pia! Kuanzia Septemba mtawaona mbayuwayu waliotoka Ulaya kuikimbia baridi. Hukaa nasi hadi Aprili hivi, kisha hurudi kwao.

Muulize mtoto maswali mepesi. Ni wangapi? Wana rangi gani? Anakula nini? Ameruka kwenda wapi? Tumia lugha mnayoizungumza nyumbani. Kama jina la ndege unalijua kwa lugha ya mama, mpe hilo hilo.

Sasa tuje kwa paka. Ukiwa na paka, una mwalimu wa kutazama. Paka husikia sauti nyembamba ambazo sikio lako halizisikii. Mfundishe mtoto kumtazama paka kwanza. Masikio yake yakielekea upande mmoja, na mwili ukatulia tuli huku ncha ya mkia ikitikisika, fuateni macho yake na mtamwona ndege. Paka akiwa ndani ya dirisha na ndege yuko nje, mara nyingine hutetemesha taya na kutoa sauti ndogo za kukatakata. Hiyo ni tabia ya paka mwindaji aliyeona asichoweza kufikia.

Lakini, mama mpendwa, hapo ndipo penye hatari. Paka huyo anayejilaza miguuni pako ni mwindaji. Akimkamata ndege, furaha ya mtoto hugeuka kilio, na maradhi nayo hupata njia ya kuingia nyumbani. Kwa hiyo wakati wa kutazama ndege, paka akae ndani au karibu nawe. Mlishe kabla hamjaketi. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza kwamba paka waliolishwa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani wanyama na ndege wachache zaidi. Hata waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku walipunguza kuwinda. Funga kamba kwenye kijiti, mwache mtoto mkubwa amchezeshe paka chini ya macho yako, kisha ndipo mketi. Na kama mmewawekea ndege maji, kibakuli kiwe juu, mbali na mahali ambapo paka anaweza kujificha.

Maji hayo yamwage na kuyabadilisha kila siku. Yakiachwa kwa juma moja au zaidi, mbu wanaweza kutaga humo, viluwiluwi wakakua, na mbu wapya wakaruka. Tusiwakaribishe ndege kwa mkono mmoja na mbu kwa mkono mwingine.

Sasa nisikilize kwa makini, maana haya ndiyo yanayoweza kuokoa maisha.

La kwanza ni kuumwa na kukwaruzwa na paka. Watu wengi hudhani ugonjwa wa kichaa cha mbwa ni wa mbwa peke yake. Sivyo. Kweli mbwa ndiye anayewaambukiza watu wengi zaidi, lakini paka pia huupata na huweza kumwambukiza mtu kwa kumuuma, au kwa kumkwaruza kucha zikiwa na mate yake. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara huishia kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, na katika kila kumi, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Hata hivyo unazuilika kabisa ikiwa mtoto atapata huduma mapema.

Paka akimuuma au kumkwaruza mtoto, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majivu wala kitu kingine ulichoambiwa na jirani. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na mtoto anacheza. Mhudumu wa afya ataamua kama anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa na ile ya pepopunda. Chanjo ya kichaa hutolewa kwa sindano kadhaa, kila moja kwa siku yake. Usiikatize kwa sababu kidonda kimepona. Paka naye msimuue wala msimfukuze. Afungiwe na daktari wa mifugo amchunguze kwa siku 10. Lakini usingoje siku hizo ziishe ndipo umpeleke mtoto! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Njia bora ni kumchanja paka mwenyewe, kuanzia anapofikisha miezi mitatu, na kurudia kama daktari wa mifugo atakavyokuelekeza. Ukisikia kampeni ya kuchanja mbwa katika mtaa wenu, uliza kama paka pia wanachanjwa, kisha mbebe wako ndani ya kikapu chenye kifuniko.

La pili linamhusu mama mjamzito. Paka anayekula ndege na panya anaweza kupata kijidudu kinachoitwa toksoplasma, na kukitoa katika kinyesi chake. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kijidudu hicho kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kudhuru macho au ubongo wake, au mimba ikaharibika. Si lazima umtupe paka. Kinyesi kibichi hakiambukizi mara moja. Huchukua siku moja au zaidi kabla hakijawa na uwezo huo. Kwa hiyo kiondolewe kila siku, na aondoe mtu mwingine, si wewe mjamzito. Kama hakuna mwingine, vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni. Vaa glavu pia unapolima bustani ya sukuma wiki, kwa sababu paka huzika uchafu wake kwenye udongo laini. Osha mboga vizuri, na nyama uipike hadi iive kabisa, maana kijidudu hicho hupatikana pia katika nyama mbichi. Ukiwa na wasiwasi, zungumza na muuguzi unapokwenda kliniki ya wajawazito.

La tatu ni ndege aliyekufa au mgonjwa. Paka akimleta mlangoni, mtoto atataka kumshika, pengine amzike kwa heshima zote. Usimruhusu. Ndege huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na mafua ya ndege humpata paka na binadamu pia. Mwondoe paka. Mwokote ndege kwa mfuko wa plastiki au kwa koleo, mfukie mbali na kisima, kisha nawa. Ukiona ndege wengi au kuku wengi wamekufa kwa ghafla, usiwaguse wala usiwapike. Mpashe habari afisa wa mifugo wa eneo lenu.

La nne ni mikono. Mtoto akimpapasa paka, au akicheza na mchanga mahali paka anapopita, anawe kwa sabuni kabla ya kula. Kibuyu chirizi karibu na baraza kinatosha. Paka apewe dawa ya minyoo na kuondolewa viroboto. Asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, na rundo la mchanga wa kuchezea lifunikwe usiku. Mtoto mwenye pumu anayebanwa kifua akiwa na paka, mwache atazame ndege bila paka, nawe umweleze mhudumu wa afya.

Kuna akina mama watakaosema: "Basi, kwa hatari zote hizo, afadhali nimfukuze paka na mtoto akae ndani." Hapana, mama. Hatumfungii mtoto ndani kwa sababu nje kuna jua, tunamtafutia kivuli. Vivyo hivyo kwa paka na ndege. Mtoto anayefundishwa kutomvuta paka mkia, kutorusha kiota kwa mawe, na kunawa bila kukumbushwa, anajifunza kuwa mpole kwa viumbe na mwangalifu kwa nafsi yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kabla hatujaagana, turudie kwa ufupi. Tenga dakika 15 asubuhi au jioni, uketi na mtoto, mtaje ndege na kuwahesabu. Mlishe paka kwanza na umweke karibu. Badilisha maji ya ndege kila siku. Mchanje paka. Jeraha la paka lioshwe dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito asishike kinyesi cha paka. Ndege aliyekufa asiguswe kwa mikono mitupu. Na kila mara, sabuni na maji.

Kesho asubuhi, jaribu. Mkimwona ndege msiyemjua jina, msihuzunike. Mpeni jina lenu wenyewe, kisha mumuulize babu au nyanya jina lake la kweli. Hata yeye atafurahi kuulizwa.