Utambulisho wa Kikatoliki katika Chuo cha Watu wa Imani Zote: Suala la Ratiba

 

Maana ya chuo kikuu katoliki haina haja ya kutuchukulia muda. Papa Yohane Paulo II, katika katiba ya kitume Ex Corde Ecclesiae ya tarehe 15 Agosti 1990, alitaja sifa nne: jumuiya yenye msukumo wa Kikristo, tafakari ya elimu katika mwanga wa imani, uaminifu kwa ujumbe wa Kristo kama unavyotufikia kupitia Kanisa, na utumishi kwa binadamu. Kanuni ya 812 ya Sheria za Kanisa inamdai mwalimu wa taalimungu idhini ya mamlaka ya Kanisa. Haya tumeyasikia katika kila semina. Linalotusumbua mwaka hadi mwaka ni jambo linaloonekana dogo, nalo ni ratiba ya vipindi na mitihani.

Kijana wa Kitanzania anapoomba nafasi katika vyuo vikuu katoliki vya SAUT Mwanza, Mwenge Moshi au Ruaha Iringa, mara nyingi anachotazama ni kozi, ada na uwezekano wa kupata mkopo. Ndiyo maana madarasa yetu yana Mkatoliki, Mlutheri, Msabato na Mwislamu kwenye benchi moja, na Ex Corde Ecclesiae yenyewe inatambua jumuiya za namna hiyo. Sisi tumezoea kuupima ukatoliki kwa hesabu ya vichwa na vitu: wahadhiri Wakatoliki wangapi, misalaba mingapi ukutani, Misa ya kufungua mwaka ilihudhuriwa vipi. Sivipuuzi vipimo hivyo. Kanuni za katiba hiyo zinatahadharisha wahadhiri wasio Wakatoliki wasiwe wengi kuliko Wakatoliki. Lakini mwanafunzi hasomi katiba ya kitume. Anasoma karatasi iliyobandikwa ubaoni, na hapo ndipo anapojua chuo kinamwonaje yeye na Mungu wake. Msabato akipangiwa mtihani Jumamosi asubuhi, anaambiwa achague kati ya dhamiri na shahada. Mwislamu akiwekewa jaribio saa saba mchana wa Ijumaa, ameambiwa vivyo hivyo. Na linalonisikitisha zaidi, Mkatoliki naye hasalimiki: vipindi vya fidia na vya wanaosoma wakiwa kazini vinasogezwa Dominika, kisha tunamlaumu padre wa chuo kwamba kanisa ni tupu na jumuiya ndogondogo zimekufa.

Wapo wanaosema kuwapisha Wasabato na Waislamu ni kuupunguza ukatoliki wetu. Hoja hii inatoka kwa watu wanaolipenda Kanisa, kwa hiyo inastahili jibu. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu uhuru wa dini, Dignitatis Humanae la 1965, linafundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake, na kifungu cha 2 cha kanuni za Ex Corde Ecclesiae kinataka uhuru wa dhamiri wa kila mmoja uheshimiwe kikamilifu. Anayempisha Msabato anatimiza mafundisho ya Kanisa, hajayaacha. Wengine hutaja uhaba wa madarasa na wahadhiri. Uhaba upo, ila tuhesabu: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, tuna saa 60. Saa moja na nusu ya Ijumaa mchana ni asilimia 2.5 tu. Wa tatu husema Mkatoliki anaweza kwenda Misa ya Jumamosi jioni. Anaweza, na sheria inaruhusu. Ila kanuni ya 1247 inaitaka Dominika iwe pia siku ya furaha na pumziko, na pumziko halipatikani kwenye chumba cha mtihani.

Kwa unyenyekevu, na nikijua maamuzi ni ya Seneti na Baraza la Chuo, napendekeza Dominika isipangiwe kipindi wala mtihani, hata wa marudio. Ijumaa kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana iachwe wazi kwa wote. Mtihani usiwekwe Jumamosi. Ikishindikana kabisa, Msabato apewe siku nyingine bila kutozwa ada na bila matokeo yake kuandikwa kama ya marudio. Fomu ya usajili imruhusu anayependa kutaja siku yake ya ibada, ili ombi lisisubiri wiki ya mitihani. Kanuni ya 813 inamkabidhi askofu wa jimbo uchungaji wa wanafunzi. Basi padre wa chuo, anayeutekeleza kwa niaba yake, apewe kiti katika kamati ya ratiba, kwa kuwa sasa hupata karatasi ikiwa imeshachapwa. Wawakilishi wa wanafunzi Waislamu na Wasabato wasikilizwe hapo hapo. Narudia lile la Dominika, maana ndilo huachwa kwanza fedha za kozi za wikiendi zinapohitajika: rasimu yoyote yenye kipindi cha Dominika irudishwe idarani bila kusainiwa.