Pikapu ya leo: ni ya kazi ao ni ya kutembea?

(Maneno ya mwenzetu wa kamati ya usafiri mbele ya mkutano wa wanachama, Mulungwishi. Tumeyaacha karibu vile alivyoyasema.)



Nimeombwa niongee juu ya motokari. Munajua sababu. Marafiki wetu wameuliza kama chama kinahitaji pikapu, na picha imeshapita kati yetu: pikapu mpya, milango mine, nyeupe, inang'aa. Wengi wameipenda. Mimi pia nimeipenda, sina macho ya mbao. Lakini kupenda ni jambo moja, kubeba mahindi ni jambo lingine. Sasa tuulizane bila aibu: hizi pikapu za leo zingali motokari za kazi?

Tuanzie mbali kidogo. Toyota ilianza kuuza Hilux mwaka 1968. Ilikuwa kitu chepesi kuelewa: shasi ya chuma, milango miwili, kiti kimoja kirefu mbele, na nyuma sanduku la kubebea. Land Cruiser ya namna ile tunayoiona kwenye barabara za migodi ilikuja mwaka 1984, na ingali inatengenezwa kwa umbo lilelile. Mutu aliyenunua pikapu wakati ule alinunua sanduku; kabine ilikuwa ya kumukalisha shofere tu.

Kisha mambo yakageuka. Watu wa miji walianza kununua pikapu kuwa motokari ya jamaa. Kabine ikakua, sanduku likapungua. Hata Marekani ni vile: zamani pikapu ya kazi ilikuwa na sanduku la karibu mita 2 na nusu, leo nyingi zinazouzwa zina sanduku la mita 1 na sentimita 70 hivi, lakini pua ya motokari imepanda mpaka kifua cha mutu. Ndiyo maana wakulima wengine wa kule wanaagiza kutoka Japani vile vikamyo vidogo sana vyenye injini ya sentimita kyubu 660, vilivyopita miaka 25. Motokari nzima ina mita 3 na sentimita 40, na zaidi ya nusu yake ni sanduku. Basi hili swali si la masikini peke yake.

Turudi kwetu. Chukueni kalamu.

Pikapu ya namna ya Hilux inabeba tani 1 hivi, na mukumbuke: watu wanahesabiwa ndani ya hiyo tani. Mufuko wa mahindi wa kilo 50, mara 20, ni tani 1. Sasa weka ndani ya kabine ya milango mine watu watano, kila mumoja kilo 70. Hiyo ni kilo 350. Zinabaki kilo 650, yaani mifuko 13. Watu watano wamekula mifuko saba bila kuipika! Na hiyo mifuko 13 itapangwa wapi? Sanduku la milango mine lina urefu wa mita 1 na nusu hivi. La milango miwili linapita mita 2. Utapanga kwenda juu, mzigo utayumba, na kwenye kona utaelewa.

Mama mumoja alisema kwenye kikao cha wiki iliyopita: "Sisi hatuombe motokari ya kutembea, tunaomba ya kubeba. Ya kutembea, miguu tunayo." Hilo neno lilinikaa.

Sasa injini. Injini za zamani za mazuti, kama ile ya lita 4.2 ya Land Cruiser, hazina turbo wala kompyuta ya kuzisimamia. Zinakunywa sana, sitawaficha, na hazina haraka. Lakini fundi wetu akiwa na funguo zake na masikio yake anaweza kujua kinachouma. Injini mpya zinakunywa kidogo, zinavuta kwa nguvu, zinatoa moshi kidogo. Ni kazi nzuri ya mainjinia, tusizitukane. Shida ni chakula chake. Mazuti inasukumwa kwa nguvu kali sana kupitia vitundu vidogo sana. Maji kidogo ao vumbi kidogo ndani ya mazuti, na injekta zinakufa. Zingine zina chujio la moshi linalohitaji mazuti safi yenye salfa kidogo, na safari ndefu ya kulichoma ile masizi. Sisi tunanunua mazuti wapi? Siku nyingine kituoni, siku nyingine kwenye bidoni kando ya njia. Munajua wenyewe bidoni imelala wapi usiku.

Na taa nyekundu ikiwaka, fundi wa hapa hawezi kuiuliza ile kompyuta bila mashini yake. Motokari itangojea. Mahindi hayangojee, na mama mwenye uchungu hangojee.

Hapo ninajua marafiki wetu watasema: "Tulichagua milango mine juu ya wagonjwa na wamama." Ni neno la haki, tulijibu kwa haki. Barabara ya Likasi kwenda Kolwezi ina kamyo kubwa za shaba usiku na mchana. Motokari mpya zina breki zinazozuia magurudumu yasigande, zina mifuko ya hewa inayolinda kifua. Hivyo vinaokoa watu. Na kitu kinachoua watu wetu ni kupanda juu ya mzigo: mifuko chini, batoto juu, kamba moja ya kushikilia. Kama tutaleta sanduku kubwa kisha tujaze watu juu yake, tutakuwa tumenunua sanduku la wafu.

Kwa hiyo ninaleta mapendekezo manne, tuyapigie kura.

La kwanza: tuombe milango miwili, yenye kiti kirefu mbele. Shofere, mgonjwa, na mutu wa kumushika. Hiyo inatosha kufika lopitali Likasi. Kama marafiki wanaona ni kidogo sana, iko kabine ya katikati, moja na nusu, yenye nafasi ndogo nyuma ya kiti. Sanduku lake linapungua, lakini si kama la milango mine.

La pili: injini ambayo fundi wetu anaijua, hata kama inakunywa zaidi. Na breki nzuri, hata kama bei inapanda. Tukipunguza, tupunguze redio na viti vya ngozi.

La tatu: usukani uwe kushoto. Motokari nyingi za bei nafuu zinatoka Japani, zinapita Dar es Salaam na Zambia mpaka Kasumbalesa, usukani kuume. Kule wanaendesha kushoto, ni sawa. Sisi tunaendesha kuume. Shofere aliyekaa kuume nyuma ya kamyo ya shaba haoni mbele, anamuuliza aliye pembeni: "Nipite?" Maisha ya watu hayawezi kukaa juu ya jibu la mutu anayesinzia.

La nne, na ndilo zito. Kabla motokari haijafika, tuwe na sanduku la feza yake. Marafiki, muniruhusu: ni rahisi kupata mutu wa kutoa pikapu, ni vigumu kupata mutu wa kutoa matairi. Kama munataka kutusaidia kweli, kateni kipande cha ile feza ya motokari mpya, mununue iliyotumika vizuri, na kinachobaki kiwe matairi, mafuta ya injini na machujio ya miaka miwili. Sisi upande wetu, kila mzigo ulipe, hata wa presida. Kila safari iandikwe ndani ya kaye: nani, wapi, kilo ngapi, lita ngapi. Kaye ikae mahali mwanachama yeyote anaweza kuifungua. Mgonjwa peke yake ndiye asiyelipa. Na hakuna mutu juu ya mzigo, hata mtoto wa kiongozi, hata mvua ikinyesha.

Basi, swali letu lina jibu. Pikapu ingali motokari ya kazi, lakini si kila inayoitwa pikapu. Ipimwe kwa sanduku, kwa mazuti tuliyo nayo, kwa fundi tuliye naye, na kwa daftari letu. Ikishindwa pale, ni motokari ya picha.

Wengi wetu tulitoka Zambia, kwenye kambi kama Meheba, Kala na Mwange, tumepanda nyuma ya kamyo na vitu vyetu vyote. Tunajua kubebwa. Sasa tuchague vizuri kitakachotusaidia kubeba wenyewe.