NGUVU ZIKITOKA
Somo: Marko 5:25–34 na 6:30–31



Leo twende pamoja, kwa mawazo, hadi Ndau, kisiwa kidogo kaskazini-mashariki ya Pate, katika visiwa vya Lamu. Wenyeji wake ni Wabajuni, watu wa bahari, na karibu wote ni Waislamu. Mgonjwa akizidiwa hupakiwa chomboni apelekwe Lamu, na kusi ikivuma safari hiyo si ya mchezo. Kabla chombo hakijang'oa nanga, tegemeo ni muuguzi wa zahanati.

Tumwazie muuguzi wa mahali kama hapo. Usiku mtoto amefia mikononi mwake. Amemfariji mama, kisha amefunga mlango akalia peke yake. Alfajiri mvuvi abisha hodi, amechomwa na mwiba wa samaki. Muuguzi afungua kwa uso mkunjufu, asema, "Karibu."

Uso ule mkunjufu hauandikwi katika daftari lolote. Hata hivyo ni kazi. Mwaka 1983 mwanachuo wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kitabu juu ya wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba kuutawala moyo wako ili mwenzako atulie ni kazi yenye gharama yake.

Nasi je? Kila Jumapili twawaombea wagonjwa. Ni mara ngapi tumemwombea muuguzi? Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti za Kenya waligoma tangu Juni hadi Novemba. Tuliuliza, "Huruma yao imekwenda wapi?" Hatukuuliza ni nani aliyewahurumia wao. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ili wauguzi wetu wakafanye kazi huko. Tusiwahukumu waendao. Ujira mwema ni haki yao. Lakini wako pia waondokao kwa sababu moyo umekauka, na hakuna aliyeona ulipokuwa ukikauka.

Bwana Yesu aliona. Mwanamke yule mwenye kutokwa na damu miaka 12 alipoligusa vazi lake, alitambua mara moja kwamba nguvu zimemtoka. Ikiwa kuponya kulimgharimu Mwana wa Mungu, je, hakutamgharimu binti yetu? Tena wanafunzi waliporudi kutoka kazini, hawana hata nafasi ya kula, hakuwaambia waongeze bidii. Aliwaita kando wapumzike.

Basi, juma hili tukifika zahanati, kabla ya kueleza maumivu yetu tumwulize muuguzi, "Na wewe, u hali gani?" Tungoje jibu. Na wewe uliyepewa mamlaka ya kupanga watumishi, mpelekee mwenzake wa kumpokea, apate likizo yake.

Tuombe. Ee Bwana, uwatie nguvu wanaotutunza, nasi utufundishe kuwatunza. Amina.