Elimu ya Kuchunguza Siasa na Kazi ya Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Morogoro)



Tumetakiwa tuseme maneno machache juu ya mikutano ya mafunzo ambayo walimu wa vyuo vikuu huwafanyia vijana wao wanaochunguza mambo ya siasa, mikutano ambayo siku hizi huitwa warsha. Twashukuru kwa heshima hiyo. Yamkini wengine wetu wamejiuliza moyoni: haya yatuhusu nini sisi makarani? Kazi yetu ni faili, barua na hesabu. Siasa ina wenyewe. Twataka kuonyesha kwamba yatuhusu sana, na hasa sisi tukaao chini ya milima hii ya Uluguru.

Kwanza hatuna budi kutenga mambo mawili. Kufanya siasa ni kazi moja, na kuchunguza siasa ni kazi nyingine. Afanyaye siasa hutaka watu wamfuate. Achunguzaye hutaka kujua kwa nini watu wamefuata au wamekataa. Hofu ya kuyachanganya hayo ina asili yake. Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na mtu aliyezoea kukatazwa hunyamaza hata pale asipokatazwa. Walakini wazee wetu hawakuwa mabubu. Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Alisema kama mtu aliyeijua nchi yake na kazi yake, na maneno yake yaliandikwa.

Wala elimu hii si mgeni hapa kwetu. Kando ya barabara iendayo Iringa, chini ya milima, ilianzishwa mwaka 1953 shule ya Mzumbe kwa ajili ya kuwafundisha machifu, watumishi wa serikali za wenyeji na madiwani. Mwaka 1972 iliunganishwa na chuo cha utawala kilichokuwa cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu. Basi mahali palipowafundisha makarani jinsi ya kutawala, leo panawafundisha watu kuuchunguza utawala wenyewe.

Katika mikutano hiyo hufundishwa nini? Tutayataja mambo manne.

La kwanza ni swali. Mwanafunzi hufika na neno kubwa, kama vile “uongozi” au “maendeleo”, na mwalimu humrudisha mpaka apate swali linaloweza kujibiwa. Kusema “nataka kujua habari za siasa za Uluguru” si swali. Kuuliza “kwa nini ghasia za mwaka 1955 zilitokea Matombo, wala si mahali pengine” ni swali, kwa kuwa jibu lake laweza kuonekana kuwa kweli au uongo.

La pili ni kuchagua wa kuulizwa. Wengi hushangaa kusikia kwamba Afrobarometer, shirika liulizalo maoni ya watu katika nchi nyingi za Afrika, huwauliza watu 1,200 au 2,400 tu katika nchi nzima, na Tanzania ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 61 mwaka 2022. Je, si mzaha? La. Mpishi huonja mchuzi kwa kijiko kimoja, hanywi sufuria nzima. Lakini sharti akoroge kwanza. Kukoroga ndiyo kazi. Mchunguzi akikaa Morogoro mjini, au akiishia pale gari linapoishia, amechota juu tu. Watu wa Uluguru hukaa migongoni na mabondeni, wengine mbali na njia ya gari. Tena ukoo wa Waluguru hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hali kadhalika. Basi ajaye na karatasi yake akaandika maneno ya wanaume waliokaa barazani peke yao, amewaacha ambao kwao ardhi hupita.

La tatu ni maandiko. Hapa ndipo tunapoingia sisi. Mchunguzi husoma barua, taarifa za mikutano, orodha za kodi na hukumu za mabaraza. Hufundishwa kuuliza: nani aliandika hii, alimwandikia nani, na alitaka nini? Taarifa ya ofisi ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa mtu mwenye bwana wake. Kwa hiyo huiweka karibu na maneno ya wazee, akayapima yote mawili.

La nne ni amana. Mtu aambiwe anaulizwa kwa sababu gani, akubali kwa hiari, na jina lake lisitangazwe. Mchunguzi apate kibali kwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1986. Na tangu mwaka 2022 tunayo sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi.

Sasa tuutazame mfano wetu wenyewe, maana bila huo maneno haya yatakuwa upepo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 Serikali ilileta mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru. Mvua ilikuwa ikichukua udongo, na hilo lilikuwa kweli. Watu waliamriwa kuchimba matuta mapana kama ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo mzuri ulifukiwa, ukatokea wa chini usio na rutuba. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, ghasia zikatokea, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hayo mpango uliachwa.

Mtu alitazamaye jambo hili kutoka mezani aweza kulimaliza kwa neno moja: wachochezi. Neno hilo hufunga faili, lakini halijibu swali. Roland Young, mwalimu wa elimu ya siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya jamii katika Serikali ya Tanganyika, walitoa kitabu mwaka 1960 kiitwacho Land and Politics among the Luguru of Tanganyika. Hawakuishia kwenye ghasia. Walichunguza ukoo, ardhi na utawala kwa pamoja. Mwenye ukoo ndiye aliyekuwa na neno juu ya ardhi, na mtu aliyelima ardhi ya ukoo usio wake alitoa malipo yaitwayo ngoto kuonyesha kwamba si mali yake. Tuulize basi: mtu wa namna hiyo akichimba matuta ya kudumu, shamba ni la nani? Na chifu aliyetoa amri, je, ndiye aliyekuwa mwenye ardhi machoni pa watu? Hata hofu ya kwamba shamba likitengenezwa vizuri litachukuliwa na wageni si ujinga, ukifikiri nchi ilikuwa chini ya nani.

Mabwana, tazameni wakati ulivyopangwa. Amri ilitangulia, risasi ikafuata, na kitabu kikaja mwisho. Maswali hayo yangaliweza kuulizwa kabla ya jembe la kwanza, na majibu yake yalikuwa vinywani mwa wazee wa milimani. Kuuliza si ujinga. Mkutano mmoja wa kufundishana kuuliza ni gharama ndogo. Amri isiyoulizwa ilimgharimu mtu uhai wake.

Tena tusidhani haya yamepita. Maji ya mto Ruvu, unywewao na watu wa Dar es Salaam, hutoka katika milima hii. Kila amri ya kuhifadhi msitu au chemchemi hurudisha swali lile lile: nani alime, nani aondoke, na nani ameulizwa?

Kwa hiyo twaomba mambo matatu kwa wanachama. Kwanza, faili zitunzwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata haki hupotea hivyo. Pili, taarifa ya mkutano iandikwe kama watu walivyosema. Ikiwa watu wamekataa, andika “wamekataa”, na sababu walizozitoa. Usiandike “wameelezwa wakaelewa”. Tatu, mchunguzi mwenye kibali akifika mezani, asipelekwe kwa wale tu ambao ofisi imezoea kuwasikiliza. Aonyeshwe njia ipandayo mlimani.

Nao walimu wa vyuo twawaomba neno moja: wakimaliza kuandika, warudi. Watu wa Matombo, Mgeta na Kinole waliotoa siku zao kujibu maswali wasomewe yaliyopatikana, kwa lugha waielewayo, wapate kusema “ndivyo” au “sivyo”. Kitabu kilichofungiwa ng’ambo hakiwezi kumwonya mtoa amri wa hapa.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye swali aulize, maana hilo ndilo somo lenyewe.