Apareyi ya masikio nayo inazeeka

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mukutano wa Baraka)

 

Leo nazungumza juu ya apareyi ya masikio, ile ndogo inayomsaidia mutu mwenye masikio mazito. Wengine kati yenu waliipata ngambo ya ziwa, kambini Lugufu ao Nyarugusu. Sasa hesabuni. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Aliyevuka nayo kutoka kule, apareyi yake ni muzee kabisa, hata kama bado inatoa sauti.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi sote? Munajua kesi zetu za mashamba. Muzee anaitwa mbele ya shefu, watu wanataja mipaka, na yeye anatikisa kichwa tu kwa haya ya kusema "sijasikia". Kesho anaambiwa: ulikubali mbele ya mashahidi. Na mutoto anaitwa mujinga darasani, kumbe pile ilikwisha tangu wiki mbili.

Apareyi inadumu miaka mingapi? Kwa kawaida ni kati ya 3 na 7. Nyingi zinafika karibu 5. Ile inayokaa nyuma ya sikio mara nyingi inashinda ile inayoingia ndani, kwa sababu ya ndani inakutana kila siku na uchafu wa sikio na unyevu. Jasho, vumbi na maji ndivyo vinavyoiua mbio.

Lakini musiseme mbio kwamba imekufa. Muangalie kwanza vitu vine.

Kwanza, pile. Zile ndogo za duara zina kikaratasi chenye rangi: bluu ni namba 675, rangi ya chungwa ni 13, kahawia ni 312, njano ni 10. Ukiisha kubandua kikaratasi, uache pile kwenye hewa dakika moja ao mbili mbele ya kuiweka. Toka hapo inaanza kwisha, hata ukirudisha kikaratasi. Ya 13 inaweza kukaa wiki moja ao mbili hivi. Ya 675 inazidi kidogo. Na muzifiche mbali na watoto: mutoto akimeza pile, ni kukimbia lopitali saa ile ile.

Pili, uchafu wa sikio. Ukiziba tundu, sauti haipiti. Panguseni kwa kitambaa kikavu kila jioni.

Tatu, murija, kwa zile za nyuma ya sikio. Ukikuwa mugumu ao wa njano, unabadilishwa. Huo unadumu miezi tu, siyo miaka.

Ine, kile kipande kinachoingia sikioni. Apareyi ikipiga filimbi, mara nyingi kipande hakikai vizuri, ao sikio limejaa uchafu. Sikio la mutoto linakua, basi kipande chake kinabadilishwa mara kwa mara. Apareyi yenyewe bado nzima.

Usiku muache mulango wa pile wazi, muitoe pile, muweke apareyi ndani ya kopo linalofunga vizuri. Musiikaushe juani wala karibu na mbabula.

Basi, wakati gani wa kubadilisha? Ikiwa imetengenezwa na inaharibika tena na tena. Ikiwa vipuri vyake havipatikani tena. Ikiwa imepasuka ao imeingia kutu. Na ikiwa umeongeza sauti mpaka mwisho na bado husikii: hapo huenda sikio ndilo limebadilika, inafaa kupimwa upya. Kupima mara moja kwa mwaka ni vizuri. Lakini sikio likitoa usaha, likiuma, ao likiziba gafula, usingoje: uende kwa munganga.

Kuna desturi moja naomba tuiache. Babu akifariki, apareyi yake inapewa bibi ao mujukuu. Ile ilipangwa kwa sikio la babu. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, inaweza kuharibu hata kusikia kidogo kulikobaki. Mupeleke kwa mupimaji, aseme kama inaweza kupangwa upya.

Najua mutauliza: na pesa? Safari ya Uvira ao Bukavu tu ni mzigo. Ndiyo maana tuanze kuweka siku ile ile mutu anapopata apareyi, tusingoje ikufe. Miaka 5 ni miezi 60. Tuseme, kwa kuhesabu tu, bei ni dola 180: hiyo ni dola 3 kwa mwezi. Kwa mutu mumoja ni ngumu, lakini AVEC zetu zinajua kazi hii.

Naomba komite iandike leo majina ya wenye apareyi, pamoja na mwaka kila mumoja alipoipata. Mwenye kusikia amuandikishe jirani yake asiyesikia.