Jeddah: Pwani ya Wageni na Mtaa wa Ghulail

Tangu Saudi Arabia ilipoanza kutoa viza za utalii mwezi Septemba 2019, mgeni anayefika Jeddah anaweza kukodi gari na mwongozaji wake mwenyewe, akatembezwa kutwa nzima kando ya Bahari ya Shamu.

Kwa kawaida ataonyeshwa mji mkongwe wa Al-Balad, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, chemchemi ya Mfalme Fahd inayorusha maji zaidi ya mita 250 angani, na Msikiti wa Al-Rahma uliojengwa juu ya nguzo baharini.

Kusini mwa Al-Balad palikuwa na Ghulail, mtaa wa vichochoro walimoishi vibarua na wahamiaji, wakiwemo Waafrika wengi. Ulibomolewa katika mpango ulioanza Oktoba 2021, ambao uligusa mitaa zaidi ya 60 na watu zaidi ya nusu milioni. Serikali ilisema mitaa hiyo ilikuwa maficho ya uhalifu. Shirika la Amnesty International lilieleza mwaka 2022 kwamba wageni hawakujumuishwa katika fidia. Desemba 2021, huku ubomoaji ukiendelea, magari ya Formula 1 yalishindana kwa mara ya kwanza katika ufukwe wa kaskazini.

Anayelipia siku nzima ana haki ya kuchagua njia. Basi na amwombe mwongozaji aelekeze gari kusini pia, amweleze ni akina nani waliishi pale, na wamehamia wapi.