Mgonjwa wa Akili Aulizwe Yaliyompata



Mwenzetu akiugua akili, sisi husema upesi, "Ana wazimu," tukanyamaza. Hatuulizi alipatwa na nini. Habari ya wataalamu wa Marekani, iliyochapwa mwaka 1998, yasema kati ya wagonjwa 275 wenye maradhi makubwa ya akili, 119 walikuwa pia na ugonjwa uletwao na mambo ya kutisha yaliyowapata, kama kupigwa au kunajisiwa. Katika faili zao, ni 3 tu walioandikiwa hivyo.

Sisi wa reli tumeona watu wakikatwa na treni. Basi tumwambie daktari: huyu hukesha, hushtuka akisikia honi, hataki kukaribia reli. Tusimlazimishe kusimulia. Dawa anywe, na jeraha la moyoni litibiwe pia.